Kidole cha Mwisho Kikifa Ganzi, Usisingizie Baridi

Hakuna asiyewahi kugonga kiwiko kwenye pembe ya meza. Uchungu wake ni wa aina yake. Huanzia kiwikoni kama cheche ya umeme, ukateremka mkono mzima na kuishia kwenye kidole cha mwisho na jirani yake, kidole cha pete. Hulii wala hucheki. Unabaki umekishika kiwiko huku umekunja uso, na walio karibu ndio wanaocheka. Baada ya dakika moja hivi mambo hutulia, nawe ukasahau.

Sasa fikiria kwamba ile ganzi haiondoki. Au inaondoka asubuhi, inarudi jioni baada ya mazoezi, na usiku inakuamsha. Hapo ndipo Wanairobi wengi husema ni baridi, hasa mwezi wa Julai ambapo kila kiungo kinachouma huitwa baridi yabisi. Mwingine husema amelalia mkono vibaya. Kocha naye humwambia mchezaji apake dawa ya misuli, avumilie. Juma hili ningependa tuuzungumzie mkono huo, kwa sababu miezi inayopotea katika kuvumilia ni miezi ambayo kiganja hakitalipwa.

Kwanza tusafishe neno moja. Kiswahili chetu kimelitwika neno mshipa mzigo mkubwa mno. Mshipa wa damu ni mshipa. Ukano unaoshikanisha msuli na mfupa, mitaani nao ni mshipa. Hata ngiri huitwa mshipa. Kisha kuna mshipa wa fahamu, ule unaopeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli na kurudisha habari za joto, baridi na maumivu. Kwa hivyo mchezaji akilalamika kwamba mshipa unamsumbua, rafiki yake humletea mafuta ya kukanda, na fundi wa kukanda hutafuta mahali panapouma zaidi akapakandamiza kwa kidole gumba. Msuli uliokazana huenda ukafurahia jambo hilo. Mshipa wa fahamu uliobanwa haufurahii hata kidogo. Leo nitatumia neno neva, ili tusichanganyikiwe.

Tafadhali kunja mkono wako wa kulia, kisha kwa mkono wa kushoto upapase upande wa ndani wa kiwiko, ule unaotazama mbavu. Utaukuta mfupa mdogo uliochomoza. Nyuma yake tu, kati ya mfupa huo na ncha ya kiwiko, kuna mfereji mwembamba. Weka kidole humo taratibu bila kubonyeza, na huenda ukahisi kitu kama kamba ya kiatu kikiteleza. Hiyo ndiyo neva ambayo madaktari huiita alna. Sehemu nyingi za mwili neva hufichwa ndani ya nyama. Hapa imefunikwa na ngozi na utando mwembamba tu, na chini yake ni mfupa mtupu. Ndiyo maana pembe ya meza huipata kwa urahisi.

Tatizo la pili ni njia yenyewe. Neva hii hupita nyuma ya kiungo, kwa hivyo kila unapokunja mkono hulazimika kunyooka zaidi ili ifike. Wakati huohuo utando ulio juu ya mfereji hukazwa, na nafasi iliyomo ndani hupungua kwa karibu nusu. Neva hujikuta kama abiria wa mwisho kuingia katika matatu ya namba 46 saa kumi na mbili jioni. Ukinyoosha mkono, inapumua. Ukiukunja saa nzima, damu inayoilisha hupungua, na ganzi ndiyo malalamiko yake ya kwanza. Katika mtu mmoja hivi kati ya kila sita, neva haikai hata mfereji wenyewe. Mkono ukikunjwa huruka juu ya mfupa, na ukinyooshwa hurudi. Wengi wao huishi hivyo maisha yao yote bila shida. Lakini mtu wa namna hiyo akianza kurusha au kunyanyua vyuma kila siku, neva husuguliwa mara mamia.

Sasa tuje kwa wanamichezo. Wakenya walioketi mbele ya televisheni tarehe 26 Agosti mwaka 2015 watamkumbuka Julius Yego kule Beijing, akiutuma mkuki umbali wa mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata aliongeza medali ya fedha ya Olimpiki mjini Rio. Tangu hapo vijana wengi waliokuwa wakijua mbio tu wameutazama mkuki kwa macho mengine, na ni jambo zuri. Lakini hebu tutazame kinachotokea kiwikoni. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800. Mrushaji hukimbia, husimama ghafla kwa mguu wa mbele, na nguvu yote ya mwili hupanda kupitia nyonga na bega hadi mkononi. Kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, kiwiko kilichokunjwa hunyooka huku kikivutwa upande, kana kwamba mtu anataka kukifungua kama kitabu. Upande wa ndani ndio unaotanuliwa. Hapo kuna ukano unaozuia kiungo kisifunguke, na pembeni mwa ukano huo ndipo ilipolala neva ya alna. Ukano ukilegea, neva nayo huvutwa.

Bingwa mwenye mbinu safi husambaza mzigo huo mwilini mwote. Kijana anayejifunza peke yake, tena kwa fimbo aliyoichonga, huurusha kwa mkono mtupu, kiwiko kikiwa chini ya bega, na kuuachia mkono kazi ambayo ingefanywa na miguu. Simlaumu, maana Yego mwenyewe alijifunza mengi kwa kutazama filamu za warushaji wengine kwenye intaneti. Ninachomwomba ni ahesabu mirusho yake na asikilize vidole vyake.

Waliochunguza jambo hili kwa kina zaidi ni Wamarekani, kwa sababu ya mchezo wao wa besiboli ambao hapa kwetu hauna mashabiki wengi. Mrushaji wa mpira ule hunyoosha kiwiko kwa kasi inayozidi digrii 2,000 kwa sekunde, tena mara nyingi kwa siku. Mnamo Septemba 1974 daktari Frank Jobe wa Los Angeles alimpasua mrushaji aitwaye Tommy John, ambaye ukano wake wa ndani ulikuwa umekatika. Alichukua ukano mwingine kutoka mkono wa pili wa mchezaji huyo akauunganisha mahali pa ule uliokatika. Upasuaji wa namna hiyo bado huitwa kwa jina la mgonjwa huyo. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba baada ya upasuaji ule wa kwanza mkono wa John ulikufa ganzi na vidole vikaanza kujikunja kama makucha. Neva ya alna ilikuwa imeumia. Desemba mwaka huohuo Jobe alilazimika kumpasua tena ili aihamishe neva mahali pengine. John alikosa msimu mzima wa 1975. Alirudi uwanjani mwaka 1976, akaendelea kucheza hadi 1989, na baada ya upasuaji huo akashinda mechi 164.

Huenda ukasema, hayo ni ya ng'ambo, mimi mwanangu anacheza tenisi tu. Vema, tutembee basi hapa hapa Nairobi. Katika viwanja vya tenisi vya Nairobi Club, ukivuka Barabara ya Ngong kidogo kutoka katikati ya jiji, watoto wanapiga sevu wakiwa na ndoto ya kumfuata Angella Okutoyi, aliyeshinda taji la wasichana wawili wawili kule Wimbledon mwaka 2022. Sevu na mrusho wa mkuki ni ndugu wa damu, kwani kiwiko hufanya kazi ileile. Pale Nairobi Gymkhana, mchezaji wa kriketi hutupa mpira kutoka mpakani hadi kwenye vijiti mara nyingi kwa siku. Katika uwanja wa raga wa RFUEA mchezaji huanguka mkono ukiwa umenyooka, kiwiko kikateguka, na neva ikavutika kwa mara moja. Na katika jimu za Kawangware na Kangemi, nyingine zikiwa na vyuma vya saruji iliyomwagwa katika mikebe ya rangi, vijana hujenga misuli ya nyuma ya mkono mpaka inaisukuma neva itoke katika mfereji wake.

Sitawasahau ambao si wanamichezo. Dereva wa matatu ambaye hutegemeza kiwiko kwenye dirisha kutoka mjini hadi Kangemi, siku nzima, anaibana neva ileile. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, kiwiko kinachoumia ni cha kulia, yaani cha mkono wa kuandikia kwa walio wengi. Mwanafunzi hujiegemeza kwenye dawati akisoma hadi usiku. Bibi hushikilia simu sikioni kwa saa nzima, mkono umekunjwa kabisa. Nao wengi wetu hulala tumekunja mikono kama watoto wachanga, viganja chini ya shavu. Mchezaji mwenye kiwiko kilichochoshwa mchana, akilala hivyo, neva haipati pumziko hata kidogo.

Sasa jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Neva ina ganda na ina kiini, kama waya wa umeme. Ikibanwa kwa majuma machache, kinachochubuka ni ganda. Ukiondoa kinachobana, ganda hujengeka upya kwa muda wa majuma au miezi michache, na kiganja hurudi kama zamani. Ikiendelea kubanwa, kiini chenyewe hufa, na hapo hesabu hubadilika. Nyuzi za neva huota upya kuanzia mahali zilipoumia, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi kwenye misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 30. Piga hesabu mwenyewe: ni siku 300, miezi kumi. Kwa wakati huo wote misuli ya kiganja inangoja bila kupata habari, na inazidi kunywea. Ikikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva, huwa imegeuka makovu na mafuta. Hata neva ikifika baadaye, haikuti wa kumpokea.

Tuseme ni mvulana wa kidato cha nne anayeishi Kangemi na kusoma shule ya kutwa. Msimu wa riadha za shule ulipoanza mapema mwakani alihisi ganzi katika kidole cha mwisho, akanyamaza asije akaondolewa kwenye kikosi. Kufikia Aprili kalamu inamponyoka. Agosti, mama yake anagundua kwamba kifungo cha shati kinamshinda na kwamba nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea. Oktoba ni mtihani wa KCSE, na karatasi ya insha haiandikwi kwa mkono wa kushoto. Kijana huyu angepumzika kurusha Februari, yamkini angepoteza mashindano mawili. Mzazi na mwalimu wa michezo, mwekeni akilini.

Kuna majaribio mepesi unayoweza kuyafanya nyumbani, na hayagharimu senti. La kwanza ni la kutazama vidole. Je, ganzi iko wapi? Neva ya alna huhudumia kidole cha mwisho chote na nusu moja tu ya kidole cha pete, ile inayopakana na cha mwisho. Gusa pande mbili za kidole cha pete kwa pamba. Kama upande mmoja una hisia kamili na mwingine umefifia, neva imekutajia jina lake. Kama kidole chote kimekufa ganzi na ganzi imepanda upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, chanzo huenda kikawa shingoni. Na kama ganzi iko upande wa kiganja tu lakini mgongo wa mkono upande huo una hisia kamili, neva inabanwa chini, kwenye kifundo. Hayo huwapata sana waendesha baiskeli wanaoegemea usukani.

La pili: kunja viwiko vyote viwili kabisa, vifundo vya mikono vikiwa vimenyooka, ukae hivyo dakika moja. Ganzi ikija upesi upande mmoja na si upande wa pili, ni dalili.

La tatu hunifurahisha zaidi, nalo lilielezwa na daktari Mfaransa, Jules Froment, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipokuwa akitibu wanajeshi waliopigwa risasi mikononi. Chukua gazeti hili, ukurasa mmoja tu. Ushike kwa mikono miwili, kila upande ukibana kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, vidole gumba vikiwa vimenyooka. Sasa vuta kana kwamba unataka kuupasua. Mkono mzima hubana huku kidole gumba kimenyooka. Mkono ambao neva yake ya alna imedhoofika hauwezi, kwa hivyo kidole gumba hukunja kifundo chake cha juu, kikiomba msaada kwa msuli mwingine unaohudumiwa na neva nyingine. Anayefanyiwa hajui kwamba anakunja. Mtazamaji ndiye anayeona. Jaribio hili likionyesha tofauti, usingoje hata juma moja kumwona daktari, maana maana yake ni kwamba misuli imeshaguswa.

Kiwiko kina neva nyingine mbili, nitazipitia upesi. Neva ya mediani hupita mbele ya kiwiko, katikati ya misuli ya kugeuza mkono, na hudhuriwa na kazi ya kukamua na kugeuza, kwa mfano wanaonyanyua vyuma au kupiga makasia. Ganzi yake iko kwenye gumba, cha shahada na cha kati. Tofauti yake na ile ya kubanwa kwenye kifundo ni kwamba hii huchukua hata nyama iliyo chini ya gumba.

Ya tatu, neva ya radiali, hupita upande wa nje, na ndiyo inayowapotosha wachezaji wa tenisi. Kila maumivu ya upande wa nje huitwa kiwiko cha tenisi, yaani kuchakaa kwa kano zinazoshikamana na mfupa. Mchezaji hununua mkanda wa kubana mkono, anaufunga chini kidogo ya kiwiko, na maumivu yanazidi. Bonyeza mwenyewe. Ukiumia zaidi juu ya mfupa uliochomoza, ni kano. Ukiumia zaidi upana wa vidole vitatu chini ya mfupa huo, ndani ya nyama, huenda tawi la neva ndilo linalobanwa, na mkanda ule unakaa juu yake hasa. Tawi hilo halileti ganzi. Likidhoofika sana, utaona vidole vinashindwa kunyanyuka ingawa kifundo bado kinapanda.

Kabla sijaendelea, wazazi wenye watoto wadogo nisikilizeni. Mtoto wa miaka mitano hadi minane akianguka kutoka kwenye mpera au bembea akaangukia kiganja, mfupa huweza kuvunjika juu tu ya kiwiko, na ncha yake kali ikachoma neva au mshipa wa damu. Mwambie aungane ncha ya gumba na ya shahada kufanya duara. Akishindwa kulifanya duara, na badala yake vidole vikabanana vikiwa bapa, neva iliyo mbele imeguswa. Mtoto huyo ni wa hospitali usiku huohuo. Usimfunge vijiti vya kukaza wala kumpeleka kwa fundi wa mifupa amvute. Kiwiko kilichovimba kikikazwa, damu haifiki mkononi. Mtoto akilia sana vidole vyake vikinyooshwa na mtu mwingine, au vidole vikiwa baridi na vimefifia, zimebaki saa chache tu kabla misuli ya mkono haijafa na mkono kujikunja maisha yote. Mikono ya namna hiyo tunaiona mitaani, na watu husema mtoto alirogwa.

Turudi kwa mchezaji wetu. Dawa ya kwanza ni kuacha kurusha, majuma sita au zaidi, ingawa kukimbia na mazoezi ya miguu yanaendelea. Asifanye pushapu wala kunyanyua vyuma vinavyokunja mkono. Ya pili ni usiku. Kunja taulo au leso nene, izungushe kiwikoni na uifunge kwa utepe bila kukaza, kiasi cha kumzuia asiukunje mkono kabisa akilala. Inachekesha ukiitazama, na mume au mke atalalamika, lakini ni tiba ileile ambayo hospitalini huuzwa kwa bei ya juu ikiwa na jina refu. Aendelee nayo hadi miezi mitatu. Dereva aondoe kiwiko dirishani, mwanafunzi aweke sweta iliyokunjwa juu ya dawati, na simu ibadilishwe sikio au iwekwe spika. Walio na ganzi nyepesi ambao hawajapoteza nguvu, wengi wao hupona kwa hayo tu.

Asikandwe kiwikoni. Nalirudia kwa sababu najua kesho kuna atakayekandwa.

Asipopata nafuu, au nguvu ikipungua, ni zamu ya daktari. Ukiwa Kawangware au Kangemi anzia kituo cha afya kilicho karibu, na ukipewa barua ya rufaa kwenda Mbagathi au Hospitali Kuu ya Kenyatta, usiifungie kabatini. Kabla hujatoka nyumbani chukua kalamu uchore kwenye ngozi mpaka wa ganzi yako, mahali inapoanza na inapoishia. Kwa daktari aliye na foleni ndefu mlangoni, mchoro huo ni bora kuliko maelezo ya nusu saa. Atataka pia kujua kama una ugonjwa wa sukari, ambao hudhoofisha neva zote. Kama kuna mabaka ya ngozi yasiyo na hisia, mwonyeshe bila haya, kwa maana ukoma huipenda neva hii ya alna kuliko nyingine na huinenepesha pale kiwikoni. Ukoma unatibika kwa vidonge, na ukigunduliwa mapema mkono hauharibiki.

Huenda akakutuma upimwe mwendo wa umeme katika neva. Vishindo vidogo vya umeme hutiwa juu na chini ya kiwiko, na mashine hupima muda. Neva nzima hupitisha habari kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde, mwendo unaoushinda hata mkuki wa bingwa unapotoka mkononi. Ikipunguza mwendo pale kiwikoni tu, mahali pa ubano pamejulikana.

Upasuaji wenyewe ni wa aina mbili kuu. Wa kwanza ni kufungua utando wa mfereji ili neva ipumue. Wa pili ni kuitoa neva nyuma ya mfupa na kuihamishia mbele, ambako haivutwi mkono ukikunjwa. Kwa mtu wa kawaida matokeo ya aina zote mbili yanakaribiana, na ule wa kwanza ni mwepesi. Kwa mrushaji, au mtu ambaye neva yake huruka mfupa, madaktari wengi huchagua kuihamisha. Mrushaji mwingine wa Marekani, Jacob deGrom, alifanyiwa upasuaji wa neva hiyo Septemba 2016. Msimu uliofuata alikuwa uwanjani, na mwaka 2018 na 2019 akapewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. 

Kurudi mchezoni kusiharakishwe. Kwanza mkono unyooke na kukunjika wote bila maumivu, kisha nguvu ya kushika ilingane na ya mkono wa pili, ndipo mrusho mwepesi uanze, mpira mdogo kabla ya mkuki, hatua chache kabla ya mbio. Kocha anayejua kazi yake atatumia muda huo kurekebisha miguu na nyonga za kijana, na kukipandisha kile kiwiko kilichokuwa kikibaki chini ya bega. Huko begani ndiko tutakakopanda Jumapili ijayo, tukijaaliwa.